Goti Lililochanika: Tukate, Tushone, au Tusubiri?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, wapenzi wa kandanda wa rika langu hawajasahau fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1994 zilizochezwa Marekani. Tarehe 23 Juni mwaka huo, Italia ilipokuwa ikipambana na Norway karibu na jiji la New York, nahodha wake, Franco Baresi, aliumia goti akatolewa nje. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ikagundulika kwamba meniski ya goti imechanika, akapasuliwa huko huko Marekani, na watu wengi wakaona kwamba kwake mashindano yamekwisha. Lakini tarehe 17 Julai, siku 24 tu baada ya kuumia, Baresi alirudi uwanjani kuikabili Brazil katika fainali. Alicheza dakika zote 120, na washambuliaji wa Brazil hawakupata hata bao moja. Mwishowe alipaisha penalti na Italia ikakosa kombe, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kisa kama hiki, na vingine vilivyofuata, vimejenga imani moja ambayo naisikia sana mitaani, vijiweni na hata maofisini. Imani hiyo ni kwamba kupasuliwa goti ni kama kutolewa mwiba. Kitu kibovu kimeingia, daktari anakitoa, mtu anakwenda zake. Kijana wa timu ya mtaani akiumia anataka akatwe upesi ili awahi ligi. Mzee wa miaka 60 akisikia goti linamsumbua, na kipimo kikaonyesha mchaniko, ukoo mzima unaanza kuchangishana fedha za upasuaji.

Leo nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mimi si daktari, na sina nia ya kumfundisha daktari kazi yake. Lakini fedha zinazolipwa ni zetu na magoti ni yetu, na elimu iliyopatikana katika miaka hii ya karibuni ni kubwa mno kuachwa katika vitabu vya wataalamu peke yao. Elimu hiyo inasema kwamba kile kinachokatwa katika goti si mwiba. Ni kiungo chenye kazi, na baadhi yetu tunakatwa pasipo sababu, ilhali wengine tunakatwa pale ambapo tungeshonwa.

Tuanze na hicho kitu chenyewe. Mama anayekwenda kuchota maji huchukua kitambaa au kanga kuukuu, akaiviringisha akapata kata, akaiweka utosini, ndipo akajitwika ndoo. Kata ile hufanya kazi mbili. Kwanza, huizuia ndoo isiyumbe. Pili, hutawanya uzito ili usibane mahali pamoja pa kichwa. Sasa fikiri juu ya goti. Mfupa wa paja unaishia kwa chini katika vichwa viwili vya mviringo. Vichwa hivyo vimekaa juu ya mfupa wa muundi, ambao kwa juu ni bapa. Kitu cha mviringo kikiwekwa juu ya kitu bapa hakitulii. Kwa hiyo Muumba ameweka kata mbili katika kila goti, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Hizo ndizo wataalamu wanazoziita meniski, na kwa kuwa sina jina la Kiswahili lililoenea, nami nitaziita hivyo hivyo. Ni gegedu ngumu inayonyumbuka, yenye umbo la mwezi mwandamo. Kwa nje ni nene, na kadiri inavyoelekea katikati ya goti inazidi kuwa nyembamba.

Tunaposimama na kutembea, meniski hubeba angalau nusu ya uzito unaopita katika goti. Tunapochuchumaa, zinabeba zaidi. Mtu akimwondolea mama yule kata, ndoo haimwangukii siku hiyo. Atafika nyumbani nayo. Lakini mwambie abebe hivyo kila siku kwa miaka 20, kisha umuulize habari za kichwa chake.

Meniski huchanika kwa njia mbili, na naomba msikilizaji azishike vizuri njia hizi, kwa maana kila nitakalolisema baadaye linategemea tofauti hiyo.

Njia ya kwanza ni ya ajali. Kijana amekita mguu uwanjani, mwili unageuka na goti limekunjwa. Meniski inabanwa kati ya mifupa miwili kama kitambaa kati ya mawe ya kusagia, inachanika. Pengine mwenyewe anasikia mlio. Goti linavimba saa chache baadaye au usiku ule. Mara nyingine kipande kirefu cha meniski hubanduka, kikabaki kimeshikwa ncha zote mbili mfano wa mpini wa ndoo, kisha kikarukia katikati ya goti. Hapo goti linafunga: halinyooki hata ukilibembeleza. Mara nyingi ajali hiyo hiyo hukata na kano ya katikati ya goti.

Njia ya pili ni ya uchakavu. Hapa hakuna ajali ya kusimulia. Mtu wa miaka 50 ameinuka tu kutoka kwenye mkeka, au ameteremka daladala, akasikia maumivu upande wa ndani wa goti. Meniski yake ilikwisha kuwa kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, ambayo huchanika kwa kuanikwa tu. Mchaniko wa namna hii huenda pamoja na kule ambako mitaani tunakuita kusagika kwa magoti, au kuishiwa grisi.

Liko jambo jingine ambalo lazima tulijue, nalo ni damu. Jeraha mwilini hupona kwa sababu damu inafika mahali pale na kuleta vitu vya kujengea. Lakini kwa mtu mzima, damu hufika katika ukingo wa nje tu wa meniski, kiasi kisichozidi theluthi moja ya upana wake. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu hata kidogo, bali hulishwa na ute wa goti. Hivyo basi, mchaniko ulioko ukingoni unaweza kupona, ama wenyewe ukiwa mdogo, ama ukishonwa. Mchaniko ulioko ndani kabisa ni shida kupona, kwa kuwa ni kama shamba lisilofikiwa na mfereji. Ndiyo maana daktari hawezi kumwahidi kila mgonjwa kwamba atamshona.

Je, madaktari waliyajua haya siku zote? La hasha. Mwezi Novemba mwaka 1883, mpasuaji Thomas Annandale wa Edinburgh, Scotland, alilifungua goti la mchimba migodi ambaye meniski yake ilikuwa imebanduka, akairudisha mahali pake na kuishona. Aliandika habari hizo mwaka 1885. Ungetegemea kwamba wenzake wangefuata njia hiyo, lakini haikuwa hivyo. Mwishoni mwa karne ile ile mpasuaji mashuhuri wa London, John Bland-Sutton, aliandika kwamba meniski ni mabaki tu ya misuli ya mguu ya zamani, na kwamba hazina kazi. Sasa kitu kisicho na kazi, kikichanika, utakishona cha nini? Kwa miongo mingi desturi ikawa kulifungua goti na kuitoa meniski nzima nzima. Wapo wapasuaji waliofundisha kwamba ukiacha hata kipande ukingoni, kazi yako haijakamilika.

Mwaka 1948 daktari wa Kiingereza aitwaye Fairbank alichapisha picha za eksirei za watu waliotolewa meniski. Aliona kwamba nafasi kati ya mifupa imepungua, kichwa cha mfupa wa paja kimekuwa bapa, na pembeni pameota ukingo wa mfupa mpya. Kwa lugha yetu, goti lilikuwa limeanza kusagika. Onyo lake lilichukua miaka mingi kusikilizwa. Watafiti wa Uswidi, katika ripoti yao ya mwaka 1998, waliwachunguza watu waliokuwa wametolewa meniski yote miaka 21 kabla. Karibu nusu yao, yaani 48 katika kila 100, walikuwa na dalili za wazi za kusagika katika picha ya eksirei. Kwa watu wa umri na jinsi kama yao ambao hawakuwahi kupasuliwa, walikuwa 7 tu katika kila 100. Kumbuka kwamba wengi wa waliopasuliwa walikuwa vijana siku ile, wakatoka hospitali wakifurahi kwamba goti limepona. Deni lilikuja kudaiwa baadaye.

Kilichosaidia kubadili mambo ni chombo kutoka Japani. Mwaka 1918 Profesa Kenji Takagi wa Tokyo alichukua kifaa kilichotumika kuchungulia kibofu cha mkojo, akakiingiza katika goti la maiti ili aone ndani. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo hadi akapata kifaa kizuri, na mwaka 1962 akakitumia kukata kipande cha meniski iliyochanika bila kulipasua goti wazi. Daktari Robert Jackson wa Toronto, Kanada, alikwenda Tokyo katikati ya miaka ya 1960, akajifunza kwa Watanabe, akarudi na ujuzi huo Amerika. Huu ndio upasuaji ambao sisi tunauita wa matundu madogo.

Unafanywaje? Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi ya mgongo au hulazwa usingizi. Daktari hutoboa matundu mawili mbele ya goti, kila moja halizidi sana upana wa kitufe cha shati. Katika tundu moja anaingiza kamera nyembamba kama kalamu, na maji ya chumvi yanapitishwa ili goti litanuke na kuonekana vizuri katika televisheni iliyoko mbele yake. Katika tundu la pili anaingiza vyombo vya kazi: mkasi mdogo, koleo, au sindano ya kushonea. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapa kwetu kazi hii si ngeni tena; Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ni miongoni mwa mahali inapofanyika.

Lakini matundu madogo yasitupumbaze. Udogo wa tundu hauonyeshi ukubwa wa kile kilichotolewa ndani. Mara kamera ikishaingia, daktari ana njia mbili kubwa: kukata ile sehemu iliyochanika tu na kusawazisha ukingo, au kushona.

Kukata kuna raha ya haraka. Mgonjwa hutembea karibu mara moja, na katika wiki chache anaweza kurudia kazi au mchezo. Ndiyo siri ya kurudi uwanjani baada ya siku 24. Bei yake ni kwamba kata imepunguzwa, na kadiri kipande kilichotolewa kilivyo kikubwa ndivyo mifupa inavyozidi kubanana.

Kushona kuna taabu ya mwanzo. Mgonjwa huenda na magongo kwa wiki nne hadi sita, haruhusiwi kukunja goti apendavyo, na mpira anausahau kwa miezi minne, sita au zaidi. Tena si kila mshono unashika. Takriban mmoja katika watano hushindwa baada ya muda, na mwenyewe hurudi tena kwenye chumba cha upasuaji. Lakini mshono ukishika, meniski imebaki na inaendelea na kazi yake. Kwa kijana wa miaka 19 mwenye miaka mingine 50 ya kutembea, tofauti hii ni kubwa kupita ligi zote za mtaani.

Nawasihi viongozi wa timu zetu walifikirie jambo hili. Mchezaji anapoumia, wa kwanza kuulizwa siku hizi ni kocha, na swali la kocha ni atarudi lini. Kijana naye hataki kupoteza namba. Daktari akisema kuna njia ya wiki nne na njia ya miezi sita, jibu linajulikana kabla hata hajamaliza kueleza. Miaka 20 baadaye kocha hayupo, timu imevunjika, na mtu mwenye miaka 40 anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa goti, ukuta wenyewe ni goti la bandia, na bei yake si ya kuulizia kwa sauti.

Sasa nigeukie kundi la pili, la watu wa miaka 45 na kuendelea, wenye mchaniko wa uchakavu. Hapa ndipo elimu imebadilika zaidi, na ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Kwanza kuhusu picha. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watu 991 wa mji wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa magoti. Walikuwa watu wa kawaida wa mji. Kwa wanawake wa miaka 50 hadi 59, 19 katika kila 100 walikuwa na meniski iliyochanika au kuharibika. Kwa wanaume wa miaka 70 na zaidi, walikuwa 56 katika kila 100. Tena katika wote waliokutwa na mchaniko, 61 katika kila 100 hawakuwa wamesikia maumivu wala kukakamaa goti katika mwezi uliotangulia. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mchaniko kwa mtu mzima ni kama mvi. Kuuona katika picha hakuthibitishi kwamba ndio unaoleta maumivu.

Pili kuhusu upasuaji wenyewe. Huko Finland, hospitali tano ziliwachukua wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65 ambao walikuwa na mchaniko wa uchakavu, lakini goti lilikuwa halijasagika. Wote waliingizwa chumba cha upasuaji na kamera ikatiwa gotini. Kisha ikafunguliwa bahasha. Nusu yao walikatwa meniski kama kawaida. Nusu nyingine hawakukatwa kitu. Vyombo viligusishwa na sauti za kazi zikafanywa kana kwamba wanapasuliwa, kisha wakafungwa bandeji. Wagonjwa walikuwa wamekubali kuingia katika utafiti huo, lakini hakuna aliyejua yuko kundi gani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Baada ya miezi 12, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu yao ililingana. Walipofuatiliwa hadi miaka mitano, hali ilikuwa ile ile.

Ndugu msikilizaji, hebu tafakari hilo. Watu waliokatwa walisema upasuaji umewasaidia. Na watu ambao hawakukatwa nao walisema upasuaji umewasaidia. Kwa hiyo jirani anapokuambia, mimi nilipasuliwa nikapona, usimwite mwongo. Kweli alipona. Kilichomponya ndicho chenye mjadala: pengine ni muda, pengine ni kupumzika, pengine ni imani yake kwa daktari.

Mwaka huo huo wa 2013 Wamarekani walitangaza utafiti wa wagonjwa 351 wa miaka 45 na zaidi, wenye mchaniko pamoja na dalili za kusagika. Baada ya miezi sita, walioanza na mazoezi hawakupitwa kwa kiasi cha maana na waliopasuliwa. Ili tuseme ukweli wote, takriban 30 katika kila 100 ya waliopangiwa mazoezi hawakuridhika, wakapasuliwa katika miezi sita hiyo. Mwaka 2016 ukafuata utafiti wa Norway wa watu 140, ambapo waliofanya mazoezi kwa wiki 12 walilingana na waliopasuliwa hata baada ya miaka miwili, na miezi mitatu ya mwanzo misuli yao ya paja ilikuwa na nguvu zaidi. Mwaka 2017 jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la BMJ la Uingereza, ambalo ndani yake walikuwamo wapasuaji na wagonjwa pia, lilishauri kwa mkazo kwamba upasuaji wa matundu madogo usitumike kwa magoti yaliyochakaa, isipokuwa kwa nadra sana.

Hata kwa vijana, mazoezi yasidharauliwe. Wadenmark waliwachunguza watu 121 wenye miaka 18 hadi 40 waliochanika meniski, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Wale walioanza na mazoezi na mafunzo, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakihitaji, walikuwa na hali inayolingana na waliopasuliwa mapema, baada ya mwaka mmoja. Kama robo yao ndio waliokuja kupasuliwa.

Mtu ataniuliza, mazoezi gani hayo yanayoshindana na kisu? Si kukimbia barabarani alfajiri. Ni kazi ya kuijenga misuli ya paja na nyonga, ambayo ndiyo inayopokea mshtuko kabla haujafika gotini. Kukaa kitini na kunyoosha mguu polepole, tena na tena. Kuinuka kitini bila kushika. Kupanda na kushuka kidato kimoja. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki zisizopungua 12, yakiongezwa uzito hatua kwa hatua, na mwanzo lazima uongozwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Watu wengi huenda kwake mara mbili, wakaona hakuna muujiza, wakaacha, kisha wakasema mazoezi hayafai. Aidha, mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo chache, goti litamshukuru kabla ya moyo.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba nasema kila mtu akae nyumbani. Goti lililofunga, lisilonyooka baada ya ajali, linataka kuonwa na mpasuaji mapema, kwa sababu kipande kilichobanduka kikichelewa huharibika kiasi kwamba hakishoneki tena. Goti lililovimba kwa haraka baada ya kuumia lipelekwe hospitali. Goti lililovimba, likawa la moto na mwenye nalo ana homa, hilo ni la kukimbizwa siku ile ile, maana huenda kuna usaha ndani. Tena kuna mazoea viwanjani ya kulikalia goti lililofunga na kulinyoosha kwa nguvu, au kulichua kwa maji ya moto saa ile ile lilipoumia. Mazoea hayo tuyaache. Palipoumia leo panataka barafu iliyofungwa katika kitambaa, bandeji, mguu kuinuliwa na mtu kupumzika.

Nimalizie kwa maswali manne ambayo kila mtu aliyeambiwa apasuliwe goti ana haki ya kuyauliza, naye ayaulize kwa adabu lakini asiyaache. La kwanza: mchaniko wangu ni wa ajali au wa uchakavu? La pili: uko ukingoni penye damu au ndani, na je, unaweza kushonwa? La tatu: ukikatwa, kitabaki kiasi gani? La nne: itakuwaje nikianza na mazoezi kwa miezi mitatu, nikirudi kama sikupata nafuu? Daktari mzuri hatakasirika. Wengi wao wangefurahi kuulizwa hivyo, kwa sababu wanajua kwamba mara nyingi ni mgonjwa na ndugu zake wanaolazimisha kisu, wakiamini kwamba tiba isiyo na gharama kubwa si tiba.

Ukoo uliokwisha kukusanya mchango usione haya kuurudisha, au kuutumia kumlipia mgonjwa wao nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo kwa wiki 12. Na mzazi wa kijana aliyeumia leo asikubali mwanawe akatwe kwa sababu tu ligi inaanza mwezi ujao. Meniski ikishakatwa haioti tena.

Hadi wiki ijayo, nakutakieni afya njema.